Ugeni wa Maneno katika Riwaya za Sayansi

Mwandishi wa riwaya za sayansi na mwundaji wa istilahi wanashiriki kazi moja: kuvipa majina vitu ambavyo msomaji hajapata kuviona. Katika makala haya tunatoa maoni yetu juu ya vitabu vitatu mashuhuri vya Kiingereza, tukivipima kwa kipimo hicho.

H.G. Wells, katika The War of the Worlds (1898), alichagua njia nyepesi. Silaha za viumbe wa Mirihi alizipa majina ya maneno ya kila siku, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuyaita mwali wa joto na moshi mweusi. Mfasiri hapati taabu, na mwanafunzi huelewa mara moja. Hiki ndicho kitabu tukipendacho zaidi, kwani hofu yake hutokana na matukio yenyewe.

I, Robot (1950) ya Isaac Asimov ni mkusanyiko wa hadithi. Neno lake kuu lilitumiwa kwanza na Karel Čapek katika tamthilia ya R.U.R. (1920), nalo limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya lazima, yaani shokoa. Kiswahili kimelipokea kwa sura ya roboti, na maana ya shokoa imepotea njiani. Wahusika wa Asimov twawaona wakavu. Hata hivyo, sheria zake tatu, ambazo ya pili ni ya utii, humwelemea zaidi msomaji aijuaye asili hiyo. Inafaa walimu waieleze darasani.

Dune (1965) ya Frank Herbert ndiyo yenye mtihani mkubwa kwa mfasiri. Ni ndefu kupita kiasi mahali pengine, lakini ni tajiri wa fikra. Watu wake wa jangwani, Fremen, wamepewa maneno yaliyochotwa katika Kiarabu: Mahdi, jihad, Lisan al-Gaib. Jina la shujaa, Muad'Dib, ni la panya wa jangwani ambaye Fremen humwita pia mfunzi wa wavulana. Kwetu sisi ni jamaa wa neno adabu. Msomaji wa Kiingereza huyapokea maneno haya akiwa mgeni pamoja na shujaa. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea lisani katika ushairi na ghaibu katika mazungumzo, humtangulia shujaa huyo.

Wapo watakaotaka mfasiri ayabadili maneno hayo ili ugeni urudi. Hatukubaliani nao. Riwaya hii inahusu watawala watokao nje kwa ajili ya mali ya nchi, na imani za wenyeji zilizopandwa makusudi na wageni ili zitumiwe baadaye. Msomaji ambaye kwake Mahdi ni neno lenye uzito ataihisi hatari hiyo mapema, naye atasimama upande wa wenyeji. Basi maneno ya jangwani yaachwe karibu naye, na ugeni ubaki katika majina ya mabwana.

Swali hilo linaihusu pia kila kamati ya istilahi. Kabla ya kupitisha neno, haitoshi kuuliza limetoka lugha gani. Yapasa kuuliza karani, mkulima au mwanafunzi atakayelikuta kwa mara ya kwanza atasikia nini ndani yake.