Leiter na Ufundi wa Kuziba Picha

Picha iitwayo "Canopy", iliyopigwa New York mwaka 1958, karibu yote ni nyeusi. Turubai la kukinga mvua limefunika sehemu kubwa ya juu, na mtaa wenye theluji umeachiwa ukanda mwembamba chini. Wapiga picha wengi wangesogea hatua mbili kulikwepa turubai hilo. Saul Leiter alilitaka.

Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1923, mtoto wa mwanazuoni wa Talmud, akahamia New York mwaka 1946 ili awe mchoraji. Aliposhika kamera, uchoraji haukumtoka. Aliwahusudu Bonnard na Vuillard wa Ufaransa, pamoja na wachoraji wa zamani wa Japani waliothubutu kuacha nafasi kubwa tupu na kukatiza mandhari kwa kitu kilicho karibu na jicho. Ukilijua hilo, turubai la "Canopy" halishangazi tena.

Vifaa navyo vilimsaidia. Wakati wenzake wengi wa mitaani walipendelea lenzi pana zinazomeza barabara nzima, yeye mara nyingi alifunga lenzi ndefu, kama ya milimita 90 au 150. Lenzi ya aina hiyo huvuta vya mbali na kuvibana, hata kioo cha mgahawa, mpita njia na teksi iliyo nyuma yake vikaonekana kama vimelaliana. Filamu ya rangi ya Kodachrome ya miaka ya 1950 ilikuwa na kasi ya ASA 10 tu, hivyo siku ya mawingu ilibidi tundu la lenzi lifunguliwe sana. Tundu likiwa wazi kiasi hicho, kitu kimoja huonekana kwa ukali na vingine huyeyuka kuwa madoa ya rangi. Wakati mwingine alitumia filamu zilizopitwa na muda, kwa kuwa zilikuwa rahisi, na rangi zikatoka zimefifia au zimegeuka kabisa. Kwa jicho la mchoraji, hiyo ilikuwa neema.

Katika "Snow" ya mwaka 1960, kioo chenye ukungu na michirizi ya maji ndicho kinachoonekana kwanza. Mtu aliye nje ni umbo tu. Katika "Footprints", ya karibu mwaka 1950, kamera inatazama chini kutoka juu: theluji, nyayo, na mwavuli mmoja mwekundu. Uso haupo, na hauhitajiki.

Nyingi ya picha hizi alizipiga karibu na nyumbani kwake, East Village, alikoishi tangu mwaka 1952 hadi kifo chake mwaka 2013. Kitabu chake "Early Color" kilitoka mwaka 2006, umri wake ukiwa umepita miaka 80. Anayeanza kupiga picha za mtaani aanze na "Canopy": aizibe kwa kiganja ile sehemu nyeusi, autazame mtaa uliobaki, kisha aondoe kiganja na alinganishe.