Mzinga, Kombora na Jeshi: Uchunguzi wa Istilahi za Majeshi ya Makombora

Istilahi za vita huingia katika lugha kwa haraka kuliko nyingi nyingine, kwa kuwa habari za vita hazingoji kikao cha wanaistilahi. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili hukutana na maneno mzinga, bomu, roketi na kombora yakitumiwa kana kwamba ni neno moja, na hukutana na kikosi, kamandi, tawi na jeshi yakibadilishana nafasi bila kanuni yoyote. Katika makala haya twakusudia kuyapima maneno hayo mintarafu ya dhana moja mahsusi, nayo ni majeshi ya makombora ya masafa marefu na nafasi yao katika majeshi ya mataifa. Tanzania haina jeshi la namna hiyo. Lakini ina mikataba, ina Bunge, ina shule na magazeti, na pote humo dhana hiyo hutajwa kwa Kiswahili.

Tuanze na mzinga, na hapana mahali pafaapo zaidi kuuanzia kuliko Morogoro. Chini ya milima ya Uluguru mto Mzinga humimina maji yake katika bwawa la Mindu. Na mjini humo humo lipo Shirika la Mzinga, shirika la kijeshi lililoasisiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, ambalo kazi yake mojawapo ni kutengeneza risasi. Huko milimani, kama kwingineko nchini, mzinga ni kwanza gogo lililotobolewa likatundikwa mtini ili nyuki waingie. Maana ya msingi, basi, ni uwazi wa ndani. Silaha yenye mtutu mpana ilipofika pwani, wenyeji hawakuhitaji neno la kuazima; waliona gogo tupu la chuma, wakaliita mzinga. Hii ni istilahi njema: humweleza msikilizaji umbo la kitu kabla hajakiona.

Ama kombora, historia yake ni nyingine. Kamusi za zamani zililitoa kuwa ni bomu lirushwalo kwa mzinga. Leo neno hilo limehama: huitwa kombora chombo chenye mtambo wake wa kukisukuma na, aghalabu, uwezo wa kuongozwa hadi shabaha yake. Uhamaji huu si kosa, maana lugha hai huhamisha maneno yake. Kosa ni kuitumia maana ya zamani na mpya katika habari moja bila kumtahadharisha msomaji. Kati ya mzinga na kombora kuna roketi, ambayo hujisukuma yenyewe lakini kwa kawaida haiongozwi ikisharushwa. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 majeshi ya Tanzania yalitumia mtambo wa Kirusi wa BM-21, wenye mitutu 40 juu ya lori. Huo haukuwa mzinga wala kombora kwa maana ya leo, nao watu wa Uganda waliusikia wakaubatiza jina la Saba Saba. Raia waliona kwamba kitu kipya chastahili jina lake. Wafasiri wetu wasiwe wavivu kuliko wao.

Neno bomu nalo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Ghala za silaha za Mbagala zilipolipuka mwaka 2009, na zile za Gongo la Mboto mwaka 2011, kila kilichoruka kiliitwa bomu. Kwa tangazo la kuwaonya wananchi wasiguse vyuma vilivyoanguka, neno hilo lilifaa kabisa, kwani mtoto hahitaji kutofautisha aina za vifo. Lakini lifaalo katika onyo halitoshi katika kitabu cha mafunzo, wala katika mkataba.

Tukija kwenye majeshi yenyewe, twaona kasoro mbili. Ya kwanza ni neno kikosi. Mara nyingi jeshi la makombora la nchi fulani huandikwa kuwa ni kikosi. Katika matumizi yetu kikosi ni sehemu ndogo ya jeshi, na katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa mwaka 1964, ngazi ya nchi kavu, anga na wanamaji huitwa kamandi. China ilipoanzisha jeshi lake la makombora tarehe 1 Julai 1966, ililiita Jeshi la Pili la Mizinga, jina lililoficha kuliko lilivyoeleza. Tarehe 31 Desemba 2015 lilipandishwa ngazi likawa sawa na majeshi ya nchi kavu, wanamaji na anga, likaitwa Jeshi la Roketi. Mfasiri anayeandika kikosi kwa vipindi vyote viwili amefuta habari yenyewe, kwa maana habari ilikuwa ni kupanda ngazi. Na mfasiri anayelisahihisha jina la kale akaandika makombora penye mizinga, huyo ameifichua siri ambayo wenye jeshi waliificha makusudi, akampotosha mwanafunzi wa historia.

Urusi ni mfano wa kinyume. Jeshi lake la makombora liliundwa mwezi Desemba 1959, wakati wa Muungano wa Kisovieti, likiwa na hadhi sawa na majeshi mengine makuu. Mwaka 2001 likashushwa likawa tawi linalojitegemea. Marekani haina jeshi la makombora hata kidogo: makombora yake yaliyo katika mashimo ya ardhini yako chini ya Jeshi la Anga, na yale ya nyambizi yako chini ya Jeshi la Majini. Uingereza, tangu mwaka 1998, silaha zake za nyuklia zimo katika nyambizi peke yake. Basi kuandika “Jeshi la Makombora la Marekani” ni kuunda jeshi lisilokuwapo. Ngazi ya jeshi humwonyesha raia nani hutoa amri na nani atawajibika. Si jambo la cheo tu.

Kasoro ya pili ni sifa ya kimkakati. Mkazi wa Morogoro aliyepanda treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, amekwisha sikia mara nyingi kwamba huo ni mradi wa kimkakati. Naye hulielewa neno hilo kuwa ni mradi mkubwa wenye manufaa kwa taifa. Mtu huyo huyo akisoma “makombora ya kimkakati”, ataelewa makombora muhimu, pengine hata yenye manufaa. Ilhali maana iliyokusudiwa ni silaha za kuipiga nchi ya adui yenyewe, miji na viwanda vyake, tofauti na silaha za medani zinazokusudiwa askari waliomo vitani. Neno limekuwa sitara.

Tatizo hili si la magazeti tu. Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika tarehe 15 Julai 2009, waifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, na Tanzania ni mwanachama wake. Mkataba huo, unapofafanua kifaa cha mlipuko wa nyuklia, hauhesabu chombo cha kukisafirishia iwapo chaweza kutenganishwa nacho. Basi mfasiri anayeandika “makombora ya nyuklia” mahali pa “silaha za nyuklia” amebadilisha sheria: amepiga marufuku chombo ambacho mkataba haukukitaja, na ameacha nje kila silaha isiyorushwa kwa kombora. Tangu mwaka 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na kazi za namna hii zitazidi kutujia.

Twapendekeza, kwa hiyo, kwamba mzinga ubaki kwa silaha ya mtutu. Roketi kwa kinachojisukuma bila kuongozwa. Kombora kwa kinachojisukuma na kuongozwa. Na bomu kwa kinachodondoshwa au kutegwa. Majina rasmi ya majeshi yafasiriwe kama wenyewe walivyoyaita katika mwaka unaohusika, hata pale roketi za jina ni makombora ya kazi. Jeshi litumike kwa tawi kuu, tawi kwa lililo chini yake, na kikosi kiachwe kwa sehemu ndogo. Kimkakati kibaki pale tu kilipo katika jina rasmi, nacho kifuatwe na maelezo ya shabaha. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika kazi zao za kila siku, pasipofaa, waseme.