Tundu Lililoachwa: Namna ya Kupima Kazi ya Mikono katika Darasa la Awali

Kila msimu wa mahafali ya awali unapofika, meza hupangwa mbele ya wazazi. Juu yake huwekwa magari ya maboksi yaliyopakwa rangi, nyumba zenye madirisha yaliyokatwa kwa wembe, na kilima cha udongo kinachotoa povu kwa siki na magadi. Mgeni rasmi husifu wanasayansi wa kesho, na mtu mzima aliyetengeneza vyote hivyo usiku wa kuamkia sherehe hupigiwa makofi. Sifa hizo zinaudhi, kwa kuwa zinampa heshima asiyeifanyia kazi na kumpita kando mwalimu ambaye watoto wake wametengeneza vitu vilivyopinda, vyenye udongo na kamba zinazoning'inia, lakini wamevitengeneza wenyewe. Sumbawanga mjini na katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, kazi ya aina hiyo haihitaji fedha. Inachohitaji ni jicho la kuitambua.

Tuanze na yale yasiyohitaji mjadala mrefu. Zana njema ni ile inayopatikana kwa kutembea, tena kwa majira yake: masika ni tope, mifereji na maboya ya majani; kuanzia Julai, mahindi yakishavunwa na upepo ukivuma, ni mabua na vititia vya karatasi. Kitu kisichozunguka, kisichoelea wala kubeba mzigo ni pambo, na kipelekwe kwenye kona ya sanaa. Rangi ije mwisho au isije kabisa. Mtoto asipewe gundi kabla hajajua kufunga kwa kamba, maana gundi huficha kiungo kibovu na kamba hukitangaza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mgeni hulikosa kila mara. Chukua gari la bua. Mtoto amepata kipande cha bua kuwa mwili wa gari, amepitisha kijiti kuwa ekseli, na mwishoni mwa kijiti amechomeka magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala kuukuu. Asiyejua hutazama kama linafanana na gari. Anayejua huligeuza tumbo juu, akatafuta tundu lililoachwa. Hilo ni tundu la kwanza, ambamo kijiti kilipita kwa kubana, au lililotokeza juu upande mmoja na chini upande wa pili hata gari likawa linakwenda mrama. Karibu nalo, upana wa kidole tu, lipo tundu la pili, pana kidogo, ukingo wake umelainika kwa kijiti kuzungushwa humo mara nyingi. Somo zima limo kati ya matundu hayo mawili. Mtoto alisukuma, gari likaburuzika badala ya kuviringika. Akainama, akaona kwamba kijiti kimebanwa ndani ya bua na gurudumu limebanwa kwenye kijiti, hivyo hakuna kinachoweza kuzunguka, na ikambidi achague kipi akilegeze. Fundi wa mkokoteni hupambana na msuguano huohuo kwa beringi na grisi. Mtoto amepambana nao kabla hajaweza kuandika jina lake. Na tundu halisemi uongo: lililopanuliwa kwa mkono wa mtoto lina ukingo usio sawa na unga wa moyo wa bua uliosagika, ilhali lililotobolewa na mtu mzima kwa msumari wa moto ni duara kamili lenye ukingo mweusi.

Kusoma kazi kwa makovu yake si ushabiki wa mtu mmoja. Ndivyo wanavyofanya wanaoheshimu ufundi popote. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa mkoa wa Rukwa na Zambia, watafiti walitangaza mwaka 2023 magogo mawili yaliyounganishwa takriban miaka 476,000 iliyopita, na kilichowathibitishia kuwa ni kazi ya mkono ni pengo lililochongwa na alama za zana juu ya mti. Mwanaelimu Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alisisitiza zana zinazomwonyesha mtoto kosa lake bila mwalimu kufungua kinywa, na gari la bua lisilotembea hufanya kazi hiyo bure. Programu ya sayansi kwa shule za msingi za Afrika iliyoanza miaka ya 1960, Tanzania ikiwamo, ilikuwa na somo lililowataka watoto wamuulize maswali mdudu mwenyewe, yule achimbaye vishimo vya mchanga kutega sisimizi. Mtafiti wa elimu Eleanor Duckworth alipoitathmini programu hiyo nchini Kenya, hakutegemea majibu ya kukariri. Aliwawekea watoto vitu mbele yao akatazama wanavifanyia nini, mawazo yao ni mangapi na yanafika wapi. Tundu la pili katika bua ni wazo la pili lililofika mahali.

Wadanganyifu wapo, na mbinu zao zinajulikana. Yuko anayekata vipande vyote mwenyewe akawaachia watoto kuunganisha tu, vitu arobaini vikatoka sawasawa kama matofali. Yuko anayewakaririsha watoto neno "msuguano" wakalitamka kwa pamoja, na hakuna hata mmoja anayeweza kuonyesha mahali unapotokea. Huyo wa kilima cha povu ndiye mzito zaidi, kwa sababu povu hutoka kila mara, na jambo lisiloweza kukataa halimwachii mtoto la kurekebisha. Itasemwa kwamba hata matundu mawili yanaweza kughushiwa. Ni kweli, ila dawa yake ni fupi: muulize mtoto, "Hili la kwanza lilikuwaje?" Aliyelitoboa atajibu kwa mikono kabla ya maneno. Na aliyefaulu kwa tundu moja je? Mwalimu hodari atakuwa amempa mzigo wa mawe au mteremko mkali zaidi, na kovu litaonekana kwingine.

Pingamizi zito linahusu idadi. Tangu sera ya elimu ya mwaka 2014 ilipoufanya mwaka wa awali kuwa wa lazima, madarasa mengi yamepita mbali uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 25. Lakini wingi unaumiza zaidi somo la kuonyeshwa, ambalo watoto wa nyuma hawalioni, kuliko somo la mikono, ambalo kila kundi la watano lina bua lake. Kinachotakiwa ni rafu ambapo kazi isiyokamilika inaweza kulala hadi kesho, na darasa lisilo na rafu hiyo halifai hata likiwa na vifaa vya dukani. Kuhusu usalama, ganda la bua hukata kama wembe, kwa hiyo mwalimu alimenye mapema na kisu kibaki kwake. Kutoboa ni haki ya mtoto. Wanaohofia kwamba KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) zitasahaulika wasikilize kundi likibishana: magurudumu yanahesabiwa, urefu unalinganishwa, na mtoto wa miaka mitano anasema "halikwenda kwa sababu". Mtoto anayeweza kumalizia sentensi hiyo ameshaanza kusoma dunia.

Uwanda huu haukuwa mgeni wa fikra hizo. Malungu ya Wafipa, tanuri za udongo zenye kimo cha mita tatu hivi, ziliyeyusha chuma bila mivukuto: hewa ya moto ilipanda, ya baridi ikavutwa ndani kupitia mirija ya chini. Maarifa hayo hayakupatikana kwa tanuri ya kwanza. Moto huo ulizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na watoto waliojiundia magari njiani wakichunga ng'ombe wanazidi kupungua, hivyo darasa la awali limebaki pengine mahali pa mwisho pa kuipokea tabia ile ya kujaribu na kurekebisha. Basi anayepanga meza ya mahafali ayaweke magari yakiwa tumbo juu, na mgeni rasmi aoneshwe matundu.