Kazi Iko Kwenye Kuyatoa Maji

Zulia limelazwa kifudifudi uani, juu ya mkeka mkuukuu wa miyaa, na mama anayeliosha bado hajagusa tone la maji. Analipiga. Ameshika mpini wa ufagio, anatoka ukingo hadi ukingo bila haraka, na kila pigo linaposhuka mchanga unachuruzika chini, mweupe kama unga wa muhogo. Mimi nimekaa barazani naangalia. Baada ya nusu saa hivi analikunja zulia pembeni, anakusanya kilichobaki mkekani, na kinajaa bakuli. Ni mchanga wa ufukwe wa Shangani, hapa Mtwara. Umeingia nyumbani na nyayo za watoto, ukazama hadi shinani mwa nyuzi, mahali ambapo ufagio haufiki.

"Huu ukiuloanisha unakuwa tope, mwanangu," ananiambia. "Mkavu unatoka bure."

Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko uzi wa zulia. Kila anayekanyaga anazisaga nyuzi kule shinani kama seremala anavyopitisha msasa, na ndiyo maana mazulia mengi ya Mtwara mjini huota upara mlangoni na mbele ya kochi wakati rangi yake bado inang'aa. Aliyemwagia maji zulia lenye mchanga ameshaanza vibaya, hata awe na mashine ya bei gani.

Mama huyu anaosha mazulia ya majirani hapa Chikongola kwa mashine moja ya nyumbani, ile ya kusukuma kwa mkono, yenye matangi mawili. Huu ni mwaka wa tatu ninamfuata nikimwangalia, na nimeridhika kwamba ufundi wa kazi hii, hasa katika pwani yetu yenye unyevunyevu, uko kwenye kuyatoa maji. Kuyamwaga kila mtu anaweza.

Mashine yenyewe haina fumbo. Tangi la kwanza hubeba maji ya moto yenye sabuni, pampu inayarusha zuliani, brashi inasugua, na mdomo bapa ulio mbele unayafyonza pamoja na uchafu hadi tangi la pili. Wengi huiita mashine ya mvuke, lakini mvuke haumo. Ni maji ya moto tu. Hata hayo yasichemke. Mashine nyingi za nyumbani zimetengenezwa kupokea maji yasiyozidi nyuzijoto 60, kwa sababu yanayotokota hupinda plastiki na kulegeza mipira ya kuzibia.

Kinachofanya kazi kubwa humo ni ufyonzaji, na wazo la kufyonza si la zamani sana. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alitazama jijini London mashine iliyokuwa inapuliza vumbi. Vumbi liliruka, likatua palepale. Akajiuliza kwa nini lisivutwe. Baadaye aliweka leso juu ya kiti cha mgahawani, akabandika mdomo na kuvuta pumzi kwa nguvu. Upande wa chini wa leso ukabaki na duara jeusi la uchafu. Nilipomsimulia mama kisa hiki hakushangaa. Naye hutembea na kitambaa cheupe mfukoni, na kila akimaliza kipande cha zulia hukiweka chini na kukikanyaga kwa kisigino. Kikitoka na maji, au na rangi, anarudi nyuma.

Sasa nieleze anavyopitisha. Mkono wake unakwenda mbele kwa kunyunyiza na unarudi kwa kufyonza, polepole kiasi kwamba unaweza kuhesabu mistari ya zulia ikipita chini ya mdomo. Kisha anaacha kunyunyiza. Anapita palepale mara ya pili akifyonza tu, mara ya tatu, na mara nyingi ya nne. Vijana waliowahi kumsaidia walichoka hapo, kwa sababu pito kavu halionyeshi kitu: hakuna povu, hakuna rangi inayogeuka, ni ngurumo ya mota na mkono unaouma. Lakini tangi la maji machafu linazidi kupanda. Nimelipima kwa macho mara nyingi, na hata pito la tatu bado hutoa maji machafu.

Maji yakibaki, huleta balaa la aina tatu. La kwanza ni harufu ya uvundo, maana zulia lisilokauka ndani ya siku moja huanza kuota ukungu. La pili ni doa kurudi. Umelisafisha jana likatoweka, leo asubuhi liko palepale. Limepanda kutoka chini pamoja na unyevu, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na maji yalipokauka likabaki juu. Dawa yake ni kulowesha kidogo, kufyonza sana, kisha kulaza taulo kavu juu ya doa na kuliwekea kitu kizito usiku kucha, ili doa lipandie kwenye taulo. La tatu huwapata wenye mazulia yenye mgongo wa juti: likilowa muda mrefu juti hutoa rangi ya kahawia, na rangi hiyo hupanda hadi kwenye nyuzi.

Kuhusu maji, sisi wa pwani hii tuna jambo letu. Visima vingi vya huku, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, vina maji ya chumvichumvi. Sabuni ya kawaida haikubali kutoa povu humo, na mtu huongeza sabuni akidhani ni hafifu. Ubaya mkubwa zaidi huja baadaye. Chumvi iliyobaki kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewani. Anayejua magunia ya chumvi ya mashambani kwetu yanavyotota wakati wa masika ataelewa: zulia lililosuuzwa kwa maji ya chumvi linakauka mchana na kulowa tena usiku. Mama hutumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, na yakiisha hutumia ya bomba. Pipa la maji ya mvua analifunika na kulilinda kama mwingine anavyolinda mafuta ya kupikia.

Kabla hajachanganya sabuni huchomoa uzi mmoja upande wa nyuma wa zulia na kuuchoma. Ukinuka nywele zilizoungua na kuwa jivu linalosagika, ni sufu. Ukiyeyuka ukawa kishanga kigumu, ni plastiki. Mazulia mengi yanayouzwa madukani kwetu yanatoka Uturuki, ambako jiji la Gaziantep ni kitovu cha mazulia ya mashine, na mengi ya hayo ni ya polipropilini, plastiki nyepesi kiasi kwamba uzi wake huelea majini. Zulia la namna hiyo huvumilia maji ya moto. Sufu haitaki moto wala sabuni kali, na magadi yanaila. Kwa sufu mama hutumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha analipa zulia muda. Bila kujua, anafuata kanuni aliyoiandika mkemia Mjerumani Herbert Sinner mwaka 1959: usafi hutokana na sabuni, joto, kusugua na muda, na ukipunguza kimoja huna budi kuongeza kingine. Yeye kwenye sufu huongeza muda. Sijamwona akiongeza nguvu.

Anayetaka kununua mashine ya namna hii, mama anamshauri aangalie kibandiko cha chini kwanza, bei baadaye. Umeme wetu ni volti 230. Mashine nyingi za mtumba kutoka Marekani ni za volti 120. Jirani yetu mmoja aliichomeka yake ukutani, ikanguruma kwa sekunde chache, ikatoa moshi, ikafa. Aangalie pia kama vipuri vinapatikana: mkanda wa brashi, mpira wa mfuniko, mdomo. Mashine yenye tangi kubwa inavutia macho, lakini kila lita ni kilo moja ya kusukuma. Zile ndogo za kubeba mkononi zinafaa kwa kochi, viti vya gari na doa moja moja. Zulia la sebule nzima zitalishinda. Kuhusu umeme wa LUKU watu wana hofu kubwa kuliko gharama yenyewe: mashine ya wati 1,200 ikifanya kazi saa moja inakula uniti 1.2. Na ukiipata dukani, omba iwashwe, uweke kiganja mdomoni mwake. Kiganja kikinyanyuka kirahisi, iache.

Mashine inayokataa kufyonza mara nyingi haijaharibika. Ndani ya tangi la maji machafu mna boya. Maji yakijaa linapanda na kuziba njia ya hewa ili mota isilowe. Povu nalo hulipandisha, kwa hiyo aliyezidisha sabuni huona mashine imekufa wakati tangi bado nusu. Mwaga, suuza, jaribu tena. Kama bado, tazama mpira wa mfuniko, kisha nywele na nyuzi zilizokwama mdomoni. Isiponyunyiza, pengine tangi halikukaa sawasawa au nozeli zimeziba kwa chumvi ya maji. Zilowekwe kwenye siki ya uvuguvugu, zisichokonolewe kwa sindano, maana tundu likipanuka maji hayatoki tena sawasawa. Brashi isipozunguka, chomoa waya ukutani kwanza, ndipo utafute mkanda uliokatika. Na zulia linalochafuka upesi baada ya kuoshwa lina sabuni iliyobaki, ambayo hunasa vumbi kama gundi. Lipitishiwe maji matupu yenye siki kidogo, kisha lifyonzwe sana.

Kuna madoa mama huyaheshimu. Tope la mikoko, lile wanalokuja nalo wageni kutoka kwenye delta ya Ruvuma, linanuka yai viza lakini linatoka, likiachwa likauke na kupigwa kwanza. Udongo mwekundu wa Newala na Tandahimba, unaoshuka na watu msimu wa korosho, unataka mapito mengi. Maji ya mabibo ni habari nyingine. Anayetoka kwenye familia ya wakulima wa korosho anazo nguo za shambani zenye madoa ya kahawia yasiyotoka maisha, na zulia ni vilevile. Mama huliosha, halafu humwambia mwenyewe ukweli kabla hajapokea hela: doa limefifia, halikutoka. Namheshimu zaidi kwa neno hilo kuliko kwa madoa yote aliyoyashinda.

Mchana umefika. Zulia limetundikwa kivulini kwenye kamba mbili zilizoachana, ili upepo upite kati ya mikunjo, mgongo ukielekea upande wa jua. Kusi inavuma kutoka baharini. Jua kali lingelikausha upesi, lakini lingekula rangi. Saa kumi jioni anakuja na kitambaa chake cheupe, anakibana kwenye mkunjo wa chini kabisa, ambako maji hukimbilia, anakifungua na kukitazama. Kina unyevu. Analiacha hadi kesho, analivutia chini ya paa kukwepa umande, na kumpigia simu mwenye zulia asije leo.

Ndugu msomaji, kama unalo zulia la kuosha mwaka huu, lioshe wakati kusi inavuma na mvua za Desemba hazijaingia. Na fundi akikuomba siku ya pili, mpe.