Medawar na Udanganyifu wa Makala ya Kisayansi

Mnamo mwaka 1963 Peter Medawar, mwanabiolojia wa Uingereza aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel miaka 3 kabla, alitoa katika redio ya BBC hotuba iliyouliza kama makala ya kisayansi ni udanganyifu. Hakuwashtaki wenzake kwa kubuni takwimu. Shtaka lake lilihusu umbo: utangulizi, mbinu, matokeo, kisha mjadala, kana kwamba mtafiti aliingia maabara na kichwa kitupu, akaokota mambo ya hakika moja moja, na mwishowe maana ikachomoza yenyewe. Lawama aliitwika falsafa ya John Stuart Mill. Yeye, akimfuata Karl Popper, alishika kwamba dhana hutangulia na uchunguzi hufuata ili kuijaribu.

Ingawa Medawar alizungumzia biolojia, hoja hii yawagusa pia wanaisimu wa Kiswahili. Mathalani, upatanisho wa kisarufi. Husemwa kifaru amekufa, kipofu amefika. Hakisemwi kifaru kimekufa. Mtafiti hakusanyi sentensi elfu bila kujua atafutalo. Huanza kwa kushuku kwamba uhai wa kitajwa ndio utawalao upatanisho, kisha huenda kuwasikiliza wasemaji. Huko hukutana na kitoto kimelala. Dhana yatikisika, naye hana budi kutenganisha kiambishi cha ngeli na kile cha udogo, pengine hata kulibadili swali lake zima. Makala yanapomfikia mhariri, safari hiyo yote imekwisha futwa: kitoto kimesukumwa aya ya mwisho kama mfano wa pekee, na palipokuwa na shaka pamewekwa “imebainika kwamba”. Mwanafunzi asomaye makala hayo huamini kuwa wataalamu hawababaiki, na utafiti wake unapokwama hudhani kasoro ni yake peke yake.

Hata hivyo, tiba ya Medawar, kwamba mjadala utangulie na ushahidi ufuate, haikubaliki bila sharti. Makala si tawasifu. Mtathmini aliyepelekewa mswada usio na jina la mwandishi hahitaji kujua mtafiti alipotea njia mara ngapi. Ahitaji kuuona ushahidi kwa namna itakayomwezesha kuukataa. Umbo lile lile alilolidharau Medawar ndilo limpalo msomaji wa Lamu au Unguja nafasi ya kusema: waliohojiwa ni wa mahali pamoja tu, na kwetu hatusemi hivyo. Medawar alichanganya namna wazo linavyozaliwa na namna linavyothibitishwa, tofauti ambayo Popper mwenyewe aliisisitiza. Ni ajabu kidogo kwa mfuasi wake.

Lililobaki na nguvu ni dai dogo zaidi: dhana itajwe wazi mwanzoni, na mfano uliokaidi uwekwe katikati ya hoja. Kitoto kimelala kilistahili sehemu yake nzima. Wahariri ambao aya za namna hiyo ndizo wanazozikata kwanza, ili kupunguza kurasa, huyafanya makala yafanane zaidi na yale aliyoyalaumu Medawar.