Ngoma Isiyo na Ngoma

Neno letu "ngoma" lina maana tatu: chombo kipigwacho, mchezo uchezwao, na sherehe yenyewe. Utajiri huu wa maana umewapotosha walimu wetu, na upotofu wenyewe waonekana wazi hapa Arusha.

Kaloleni lipo jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 ikapitisha Azimio la Arusha. Siku hizi ni makumbusho. Mtaani humo wanaishi Waarusha, Wameru, Wachaga, Warangi na wengineo, na shule hufundisha watoto wao michezo ya jadi kwa nia njema. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962, aliwasikitikia watu waliojua rumba wasijue gombesugu. Shule zimemsikia. Lakini karibu kila "ngoma ya Kimasai" niionayo jukwaani hutanguliwa na mapipa mawili matatu ya ngozi!

Waarusha, wasemao Kimaa, hawachezi kwa kupiga ngoma. Olaranyani hutoa wimbo, wenziwe humjibu kwa mvumo wa koo, na miguu hufuata pumzi. Ukitia ngoma, pumzi hulazimika kuufuata mkono wa mpigaji, na maneno humezwa. Humo katika maneno ndimo mlimo majigambo ya vijana na sifa za ng'ombe, yaani fasihi yenyewe. Waamuzi hutoa alama kwa aliyeruka juu kuliko wenzake. Hapana aulizaye ameimba nini.

Tazama wenzetu wa Hawaii. Hula yao ilipigwa marufuku na Kaʻahumanu mwaka 1830, ikainuliwa tena na Mfalme Kalākaua, aliyeichezesha hadharani wakati wa kutawazwa kwake mwaka 1883. Wao wanazo ngoma na vibuyu vya kupiga, ila vyote ni watumishi wa shairi: mkono wa mchezaji huonyesha lile lisemwalo, basi asiyejua maneno hana la kuonyesha. Sheria ya 1896 ilipokiondoa Kihawaii madarasani, hula nayo ilipungukiwa na watu wa kuielewa. Kwa hiyo shule zilizokirudisha, kuanzia zile za watoto wadogo mwaka 1984, zilikuwa zikiirudishia hula roho yake.

Nitaambiwa kwamba mtoto wa Kirangi hajui Kimaa. Kweli hajui, wala jirani yake wa Kimeru huenda hajui. Hapo ndipo Kiswahili kina kazi, nacho hakijapewa: tunakitumia kumtangaza mshindi, hatukitumii kufasiri wimbo wake. Beti chache zatosha kwa kipindi kimoja. Mzee aitwe kutoka mlimani na alipwe kama mwalimu mwingine yeyote. Aimbe, maneno yaandikwe ubaoni kwa lugha zote mbili, watoto waulize. Kuruka kungoje wiki ya pili.