Mwenye Sikio

Sindimba, ngoma ya Wamakonde, haianzi kwa kuimba, huanzia kwenye moto. Newala na Masasi, mpigaji huwasha nyasi kavu, akaipasha moto ngozi ya ngoma, akaigonga kwa vidole, akasikiliza, akairudisha tena motoni. Ngoma ndogo yenye kigingi huchomekwa ardhini. Kubwa nayo hugongwa, husikilizwa. Zikishapatana, ndipo watu huingia uwanjani.

Ufundi huo wa kusikiliza kabla ya kupiga ndio ufundi wa mtayarishaji wa muziki. Prodyuza huamua sauti ipi itangulie, ipi ikae nyuma, ipi inyamaze kabisa. Mwaka 1965 George Martin, prodyuza wa Beatles, alimshauri Paul McCartney aongeze fidla mbili, viola na selo kwenye wimbo "Yesterday". Kipaji Beatles walikuwa nacho tele. Martin aliwapa sikio la pili.

Hapa kwetu, mafundi mitambo wa Radio Tanzania Dar es Salaam walirekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Mmoja akikosea, wimbo unaanza upya. Sauti walizipanga kwa kuwapanga watu: tarumbeta zirudi nyuma, mwimbaji asogee.

Kisha akaja P-Funk Majani, yaani Paul Matthysse, na Bongo Records yake. Vijana wengi wa rap walikuwa wameanza kwa kughani juu ya midundo ya Kimarekani. Yeye akawatengenezea kina Juma Nature, Professor Jay na Mangwea midundo yao wenyewe. Msikilize Nature: sauti nzito ya Temeke, ya mtaani, haikulainishwa. Imewekwa mbele, na mdundo unaipisha. Prodyuza mwoga angeifunika kwa vinanda. Majani aliiamini, nasi tukaipenda.

Leo uwanda wa Makonde una mwanawe anayejaza viwanja, Harmonize wa Tandahimba, na kila anapoimba kuna mtu aliyekesha kwenye kompyuta akiupanga wimbo huo. Watangazaji, mkimtaja mwimbaji, mtajeni na prodyuza wake. Nanyi vijana wa Masasi mnaotafuta vifaa vya studio, tafuteni kwanza sikio: kaeni na wazee wanapopasha ngoma moto, mjifunze kungoja mpaka sauti zipatane. Mashine hununuliwa, subira ya kusikiliza hufundishwa, na walimu wake mnao nyumbani.